Maswali Yenu: Baiskeli, Vilima na Bahari ya Cape Town

Toleo lililopita niligusia kidogo tu ile safari tuliyofanya watu saba kwa baiskeli kule Afrika Kusini, kuizunguka rasi ndefu inayoanzia Cape Town na kushuka kusini mpaka Cape Point, mlima mkono mmoja bahari mkono mwingine. Nilidhani imepita, kumbe mmeisoma. Barua zimekuja nyingi na sitaweza kujibu zote, nimechukua zile ambazo wengi wameulizia kitu kilekile. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine na sitaomba radhi kwa hilo, maana imenigusa.

Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, niko Dar. Tuna kundi letu la watu wanane, kila Jumamosi tunaendesha, mara nyingi kwenda Bagamoyo na kurudi, siku tukiwa na haraka tunaishia Bunju. Mwakani mwezi wa tatu wanataka twende Cape Town tuzunguke hiyo pwani. Shida ni kwamba mimi ndo wa mwisho siku zote, kwenye tambarare nakaa nao vizuri ila tukienda Pugu naachwa pale pale. Sasa juzi mtu kaandika kwenye grupu la WhatsApp eti kwenye milima mimi nikae kwenye gari la mizigo ili nisiwacheleweshe. Sijajibu mpaka leo. Nikae kwenye gari au nisiende kabisa?

Dada yangu, nenda, na uende juu ya baiskeli yako.

Kwanza tuongelee hiyo milima yenyewe maana naona imewatisha watu kabla hawajaiona. Kipande maarufu kuliko vyote pale ni Chapman's Peak, barabara iliyochongwa kwenye ukuta wa mlima kati ya Noordhoek na Hout Bay, walianza kuijenga 1915 wakaifungua 1922. Ina kilomita 9 na kona 114, na sehemu yake ya juu kabisa ni kama mita 160 tu kutoka usawa wa bahari. Sasa linganisha na kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 30 na kitu na unapanda zaidi ya mita 900. Mtu aliyewahi kufika Lushoto kwa baiskeli, hata kama alisimama mara kumi njiani, Chapman's Peak ataipanda huku anaongea. Baada ya hapo kuna kilima kinaitwa Suikerbossie, ukitoka Hout Bay kurudi mjini, ni kama kilomita mbili hivi, kikali kidogo na hakina mandhari ya kukusahaulisha miguu, ila kinaisha. Kabla ya vyote hivyo kuna mpando wa Smitswinkel ukishapita Simon's Town. Hakuna hata kimoja kirefu. Kinachochosha ni kwamba vinafuatana, unashuka mpaka karibu na maji halafu unaanza tena kupanda, na upepo nao upo, nitauongelea chini.

Kingine, nyie hamuendi kushindana. Yale mashindano yao makubwa ya Cape Town Cycle Tour wanazunguka kilomita 109 siku moja, nyie mna likizo. Gawanyeni siku nne. Siku ya kwanza msiendeshe kutoka katikati ya mji, magari ni mengi na hakuna cha kuona, bebeni baiskeli kwa gari mpaka Muizenberg pale kwenye vile vibanda vya rangi rangi vya ufukweni, muanzie hapo, Kalk Bay mle samaki bandarini, mlale Simon's Town. Ni safari fupi mno na ndivyo inavyotakiwa, miili imetoka kwenye ndege. Siku ya pili Cape Point kwenda na kurudi. Siku ya tatu mnavuka upande wa Atlantiki, Scarborough, Kommetjie, Noordhoek halafu Chapman's Peak, mnalala Hout Bay. Ya nne Suikerbossie, Llandudno, Camps Bay mpaka Sea Point, imeisha. Kwa mpango huo mtu anayefika Bagamoyo na kurudi siku moja hana sababu ya kukaa kwenye gari.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nitakwambia kilichotukuta sisi, sijawahi kukiandika.

Sisi tulikuwa saba na hatukukubaliana chochote kabla ya kuondoka, tulijuana miaka mingi tukaona inatosha. Siku ya pili tukatoka Simon's Town, tukaanza kupanda Smitswinkel na upepo unatupiga usoni. Wenye nguvu wakaondoka. Mimi nikabaki katikati. Wa mwisho alikuwa rafiki yangu tuliyesoma wote sekondari, na nilikuwa namuona, kila nikigeuka kwenye kona namuona kule chini kadogo na kikoti chake cha njano, nikajiambia anakuja, nikaendelea. Kumbe kapata pancha. Tyubu ya akiba alikuwa nayo, pampu na vyuma vya kutolea tairi vilikuwa kwenye begi la kaka aliyekuwa mbele kabisa, kaka mwenye nguvu kuliko wote. Alikokota baiskeli karibu saa nzima kwenye ule upepo. Sisi tupo getini kwenye hifadhi ya Cape Point tunapiga picha. Alipofika hakusema kitu, akalaza baiskeli chini akaenda kukaa upande mwingine wa barabara, na kesho yake akapanda gari la mizigo mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Hajaendesha na sisi tena mpaka leo. Nilimuomba msamaha na amenisamehe, ila ule mwendo wake getini bado nauona.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu gari la mizigo mimi siwezi kukujibu kirahisi. Gari la mizigo ni zuri mtu akiumwa, akichoka kweli, akitaka mwenyewe. Likishakuwa mahali anapowekwa mtu ili wengine wasisubiri, kundi limeshavunjika hata kama bado mnakula meza moja.

Jibu grupu, na uandike haya. Pampu, tyubu, viraka na vyuma vinakaa kwa mtu wa mwisho, sio wa mbele, maana wa mbele akipata pancha wote watamkuta pale pale barabarani, wa mwisho akipata hakuna wa kumkuta. Mtu mmoja mwenye nguvu anakaa nyuma siku nzima na wanapokezana kila siku, na asikae nyuma kama askari anayesindikiza mfungwa, aongee, apige stori. Kileleni mnasubiriana, na hapa kuna kitu watu hawakioni: wenye nguvu wanafika, wanapumzika dakika kumi na tano, wanakula ndizi, halafu yule wa mwisho akifika tu wanasema haya twende. Yaani mtu aliyechoka kuliko wote ndo pekee ambaye hajapumzika! Akifika wa mwisho, saa ya mapumziko inaanza upya kwake. Na kama mnataka mbinu rahisi kabisa, wewe ondoka nusu saa kabla yao asubuhi, watakukuta njiani, utakuwa umepanda kwa mwendo wako bila mtu kukupumulia mgongoni.

Kwenye tambarare yenye upepo wewe kaa wa pili au wa tatu kwenye mstari, nyuma ya gurudumu la mtu mpana, utaona tofauti, anayekata upepo mbele ndo anafanya kazi kubwa. Kwenye mpando mkali hiyo haisaidii sana, pale ni wewe na gia zako. Na gia ndo kitu cha kushughulikia kuanzia sasa: mwambie fundi au duka utakapokodi akuwekee nyuma gia kubwa ya meno 32 au 34. Wanaume wengi kwenye makundi wanaona aibu kuomba gia nyepesi halafu wanakokota. Wewe omba. Mpaka mwezi wa tatu nenda Pugu kila wiki, panda, shuka, panda tena, na mara moja nenda Lushoto hata kama mtaenda wawili tu.

Ukienda niandikie ukirudi, tafadhali.

Mimi niko Mombasa. Nasikia huko kuna upepo mpaka unaangusha watu. Ni kweli au chumvi? Na tuzunguke upande gani?

Ni kweli. Mwaka 2017 yale mashindano yao waliyasimamisha asubuhi ile ile kwa sababu ya upepo, watu wanakokota baiskeli na baiskeli zinaelea hewani kama kishada, na hawa ni watu walioizoea hali ya kwao. Upepo wenyewe unatoka kusini mashariki na unavuma hasa kiangazi chao, kuanzia kama Novemba mpaka Machi. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape kwa imani kwamba unafagia hewa chafu yote mjini. Kwa mtu wa Mombasa nitaeleza hivi, fikiria kusi, lakini linavuma wakati ambao kwenu ni kaskazi, na linapenyeza katikati ya milima kwa hiyo halitulii, linakuja kwa vishindo.

Upande wa kuzunguka ni mmoja tu kwa mgeni. Shukeni kwa upande wa False Bay, mashariki, mrudi kwa upande wa Atlantiki, magharibi. Sababu ya kwanza ndo hiyo ya upepo, mnaupokea usoni asubuhi miguu ikiwa mipya, mkigeuka kurudi unawasukuma. Ya pili, kule wanaendesha kushoto kama kwetu, sasa ukizunguka hivyo bahari inakuwa kushoto kwako safari nzima, ukitaka kusimama kuangalia au kupiga picha unaingia tu pembeni, hukatizi barabara mbele ya magari. Wanaozunguka kinyume nawahurumia.

Ila upepo wa mgongoni nao usikulaghai. Ukitokea kwenye kona ya mlima unaweza kupigwa ubavuni ghafla, shika usukani kwa mikono miwili pale, mkono mmoja kwenye chupa ya maji ndo watu wanavyoanguka. Siku ukivuma kweli kweli lala, kanyweni chai. Mwezi wa nne unapungua na mvua za baridi hazijakolea, mimi ningechagua huo. Mkienda Machi angalieni tarehe ya mashindano, maelfu ya watu wanaendesha siku hiyo, barabara zinafungwa na vyumba vinajaa. Chanzo chake ni 1977, mamia ya watu waliandamana na baiskeli zao kudai njia za baiskeli, mashindano yenyewe yakaanza 1978 na watu mia tano na kitu, na mimi kila nikiendesha Bagamoyo Road nawakumbuka wale watu.

Kukodi baiskeli kule au kubeba ya kwangu? Niko Nairobi.

Kama ni siku nne kodi. Cape Town kuna maduka mengi ya kukodisha na baiskeli zao ni nzima. Beba pedali zako, viatu, siti yako kama makalio yako yameizoea, na helmeti, maana kule helmeti ni sheria sio hiari. Pasipoti ya Kenya inaingia bila viza mpaka siku 90, ya Tanzania vilevile. Kadi ya homa ya manjano weka begini usije ukazuiwa nayo. Ukichukua baiskeli dukani usiondoke kabla hujaminya breki moja moja na kuona ipi inashika gurudumu la mbele, inatofautiana, na usije ukaijua kwenye mteremko.

Kupanda naweza, kushuka ndo naogopa mpaka natetemeka. Wenzangu wananipita kama mshale. Nifanyeje? Msomaji, Arusha.

Wapite. Woga wako una akili. Barabara za pwani ile zina ukuta wa jiwe upande mmoja na upande wa pili kaukuta kafupi halafu bahari, sio mahali pa kushindana na mtu.

Punguza mwendo kabla ya kona, sio ndani ya kona. Minya breki zote mbili kwa pamoja, minya achia minya achia, usizishikilie moja kwa moja mpaka rimu inaungua. Sogeza makalio nyuma kidogo ya siti, legeza viwiko. Na macho, hili ndo kubwa, angalia pale unapotaka kutokea, maana baiskeli inakwenda unakoangalia. Ukikazia macho shimo utaingia kwenye shimo. Ukikazia macho bahari, hata sisemi. Jifunze kwenye mteremko mfupi unaoujua, ushuke mara ishirini, mwili utazoea wenyewe. Mvua ikinyesha ongeza umbali na mtu wa mbele mara mbili, na kwa Chapman's Peak mvua ikiwa kubwa wanaifunga kabisa kwa sababu ya mawe. Jiwe liliwahi kumuua mtu aliyekuwa ndani ya gari, wakaifunga kuanzia 2000 mpaka Desemba 2003, wakaweka nyavu na vizuizi juu, na tangu hapo magari yanalipia kupita. Ukikuta geti limefungwa usizunguke pembeni, lina maana yake.

Assalam alaykum. Ni kweli nyani wanaiba chakula kwenye baiskeli? Zanzibar.

Waalaykum salaam. Kweli kabisa, hasa kuanzia Smitswinkel kuelekea hifadhini. Wanajua begi, wanajua mfuko wa nyuma wa jezi, wanajua mpaka sauti ya karatasi ya biskuti. Usile ukiwa umesimama sehemu walipo na usiwape hata ganda, ni kosa kisheria na nyani aliyezoea chakula cha watu mwisho wake huwa ni kuuawa. Akishika kitu chako mwachie.

Dada, mimi Mtanzania naishi huku Cape Town mwaka wa tisa. Umeandika vizuri ila hukusema habari ya usalama. Waambie watu wasidanganyike na uzuri, hapa watu wanaporwa baiskeli.

Ahsante kaka, uko sahihi na ilitakiwa niseme. Nimeongea naye zaidi na anachosisitiza ni hiki: msiendeshe kabla jua halijatoka wala baada ya kuzama, mtu asibaki peke yake, msiingie kwenye vijia vya mlimani msivyovijua, na simu isikae kwenye usukani inang'aa. Ulizeni mnapolala njia ya kesho asubuhi ikoje, wenyeji wanajua kona ipi ina shida wiki hii. Angalieni jinsi hili linavyorudi kwenye barua ya kwanza. Kundi lililochanika vipande vitatu barabarani haliko salama, yule wa nyuma ndo anayeporwa.

Kuhusu magari, mkoa ule una sheria tangu 2013 kwamba dereva akipita baiskeli aache angalau mita moja. Wengi wanaifuata, nilishangaa, nilitamani tuwe nayo Morogoro Road. Lakini na nyie mnatakiwa mwende mstari mmoja, sio wawili wawili mnapiga stori.

Hivi Cape Point kwenyewe kuna nini cha kutufanya tuongeze kilomita zote hizo? Wengine kwenye kundi letu wanasema turuke. Morogoro.

Msiruke! Humo humo hifadhini, kando tu ya Cape Point, ndo ilipo Rasi ya Tumaini Jema tuliyoichora kwenye madaftari ya historia. Dias, baharia wa Kireno, alipita pale 1488, Vasco da Gama akapita 1497 na mwaka uliofuata akatokea Mombasa na Malindi, na tunajua kilichofuata kwenye pwani yetu. Ndani ya hifadhi kuna misalaba miwili ya kuwakumbuka hao wawili, na mimi niliyekulia karibu na Malindi, nikicheza chini ya ile nguzo ya Vasco da Gama, kusimama pale kwenye ncha ya mwisho na kuona maji aliyotokea lilikuwa jambo zito, nilikaa kimya muda mrefu. Sio kusini kabisa mwa Afrika lakini, msije mkabishana, kusini kabisa ni Agulhas, mashariki zaidi.

Juu ya mwamba kuna mnara wa taa wa zamani, wa mwaka 1860, mita 238 kutoka usawa wa bahari, uzuri wake ndo ulikuwa ubaya wake, mawingu yanaufunika na meli haziuoni. Mwaka 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania iligonga miamba pale, ndo wakajenga mwingine chini zaidi. Pandeni kwa miguu baiskeli mziache chini na mtu mmoja.

Kutoka getini mpaka ncha ni kama kilomita 13 na hakuna kivuli, ni vichaka vifupi vya fynbos mwanzo mwisho, mbuni wanakatiza barabara. Kiingilio kinalipwa. Fikeni geti linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii na kabla upepo haujaamka. Maji jazeni Simon's Town, chupa mbili kila mtu, na mkirudi jioni hapo hapo Simon's Town piteni Boulders mkawaone pengwini, walianza jozi mbili tu mwaka 1982 na sasa aina hii nzima iko hatarini kutoweka. Wako karibu mno na njia ya mbao, wanapiga kelele kama punda.